Wimbo unaanza lini?

Baba alikuja kwetu leo kula chakula cha mchana, na mwanangu akafungulia singeli, ule muziki wa mbio wa vijana wa Dar es Salaam. Mzee akavumilia kidogo, kisha akauliza, "Wewe, hivi huu wimbo unaanza lini?"

"Ushaanza, babu. Ndiyo huo."

Nimelifikiria swali lake jioni nzima. Baba ni mtu wa Msondo, bendi ya muziki wa dansi, tangu inaitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi. Kwake wimbo unaanza polepole. Mwimbaji anakusimulia mke aliyeondoka au ndugu wanaogombea mirathi, gitaa la besi likitembea chini kwa chini, matarumbeta yakimwitikia. Ukishakisikia kisa chote, ndipo linakuja chemko: solo linapanda, rizimu inakaza, watu wanaacha viti.

Singeli asili yake ni mchiriku, muziki wa vinanda wa mitaani, na taarabu, siyo dansi. Lakini kwa sikio langu, vijana wa Manzese na Tandale wameanzia palepale kwenye chemko, wakakimbiza mpaka midundo 200 na zaidi kwa dakika. Wala siwashangai. Ule mwanzo wa taratibu ulitaka jukwaa lililojaa wanamuziki wa mshahara, vyombo vya shirika, na ukumbi wa watu waliokwisha kukaa mezani. Sikinde, bendi nyingine ya dansi, ilizaliwa 1978 chini ya TTTS, shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Kijana wa uswahilini ana kompyuta na kipaza sauti, na wasikilizaji wake wako kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya kukesha, wamesimama tangu usiku uingie. Utamketisha nani umsimulie?

Baba akasema muziki wa sasa hauna ujumbe. Hapo nilimkatalia. Kodi ya chumba, madeni, umbea wa jirani, yote yamo humo, ila yanapita mbio. Nikamkumbusha 1969, soul ilipopigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, na vijana waliokuwa wanasemwa ni wao, yeye na wenzake. Akacheka sana. Akasema suruali za kubana ndizo zilizowakimbiza zaidi.

Mimi niko katikati, mtoto wa Bongo Fleva. Redio binafsi zilipoanza kurusha matangazo 1994 nilikuwa shule ya msingi, na kaka zetu wa hip hop walitupa visa vya beti tatu, vyenye mwanzo na mwisho. Kwa hiyo kisa hakikufa na dansi. Kilihama, kikafupishwa, na sasa mwanangu anakipata kwa vipande.

Hicho ndicho ninachokililia, wala sitaki singeli ipunguze kasi. Natamani mtayarishaji mmoja tu wa Mburahati amwite mpiga tarumbeta wa Msondo studio, waache kisa kipite kwanza, taratibu, ndipo ngoma ilipuke.