Nezuko kwa popelini ya Mchangani: nilivyoshona kimono Pemba

Mhusika niliyeamua kumvaa, yaani kujipamba kama yeye ili nipigwe picha, ni Nezuko Kamado wa Kimetsu no Yaiba, hadithi ya michoro ya Koyoharu Gotouge iliyochapishwa Japani kuanzia mwaka 2016 hadi 2020, na ambayo studio ya Ufotable ilianza kuifanya katuni mwaka 2019. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa stara. Kimono yake, vazi la Kijapani la kupishanisha kifuani, ni ndefu, juu yake kuna haori, yaani koti la kuachia wazi mbele, ya rangi ya kahawia iliyoiva inayokaribia vifundo vya miguu, na msichana wa Chake Chake anaweza kutoka navyo mbele ya wazee bila ya kutakiwa maelezo. Sababu ya pili ni kuwa nguo zake zinaonekana nyepesi kuiga, na kwa hiyo huigwa ovyo: hununuliwa satini ya waridi inayong'aa, hupigwa mshono mmoja kila upande, na aliyevaa hutambulika kwa kile kipande cha mwanzi anachokiuma mdomoni tu.

Satini yenyewe ndiyo inayoharibu kazi. Hadithi imewekwa katika enzi ya Taisho ya Japani, iliyoanza mwaka 1912 na kwisha mwaka 1926, na familia ya Kamado inaishi mlimani kwa kuchoma makaa na kuyauza. Sisi Pemba tunawajua wachoma makaa, na hatujapata kuona binti yao akienda kazini kwa kitambaa cha harusi. Nilipolishika jambo hilo, uchaguzi wa nguo ukawa rahisi na mfuko wangu ukapumua, kwa sababu popelini ya pamba, ambayo ni miongoni mwa vitambaa vya bei ya chini madukani, ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa mhusika.

Rangi ilinipa kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Nezuko ni binti aliyegeuzwa zimwi, na mazimwi wa hadithi hiyo huteketea juani, hivyo sehemu kubwa ya katuni anaonekana usiku, au chini ya mwanga wa moto, au amefungiwa ndani ya kisanduku mgongoni mwa kaka yake. Ukikata picha kutoka katika matukio hayo utapata waridi iliyoingia buluu, au iliyoingia manjano. Niliziacha zote nikatafuta mchoro wa vipimo, yaani ule ambao studio humwonyesha mhusika kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, kwa rangi tupu zisizo na kivuli. Niliuchapisha kwenye karatasi, kwa kuwa kila simu ina mwanga wake, nikavuka nao kwa boti hadi Unguja. Katika maduka ya vitambaa ya Mchangani na Darajani taa za ndani huidanganya waridi, kwa hiyo kila kitambaa nilikiomba nikitoe hadi mlangoni nikakilinganisha na karatasi chini ya mwanga wa mchana. Wauzaji wengine walinivumilia, wengine walinitazama kama mtu anayetafuta ugomvi.

Mshonaji wangu alikuwa shangazi yangu, fundi wa kanzu na sare za skuli, ambaye hajapata kuangalia katuni hata moja. Nilimchorea kimono ilivyo: kitambaa chembamba kinachoanzia pindo la mbele, kikapita begani bila ya mshono na kushuka hadi pindo la nyuma, viwili vya namna hiyo vikaungana katikati ya mgongo, mikono miwili ya mstatili, vipande viwili vyembamba vya kuongeza upana wa mbele, na ukanda mrefu wa kola. Aliutazama mchoro kwa muda, akasema, "Mwanangu, hii ni kanzu iliyopasuliwa kifua." Kuanzia hapo sikuwa na haja ya kumweleza mengi.

Kitambaa cha asili cha kimono hufumwa kwa upana wa sentimita 36 hivi na urefu wa takriban mita 12, na mapande yote hupatikana humo kwa mikato iliyonyooka, hakuna duara la kwapa wala la bega. Popelini niliyoinunua ina upana wa inchi 45, sawa na sentimita 114. Ukiigawa mara tatu kwa urefu unapata vipande vya sentimita 38, ambavyo baada ya kutoa nafasi ya mishono vinakuwa karibu kabisa na upana wa Kijapani, na mita 4 zinakupa mita 12 za ukanda. Nilinunua mita 4 na nusu kwa sababu popelini hurudi ikifuliwa, na ni lazima ifuliwe kabla ya kukatwa, ili pia itoke wanga wa dukani unaozuia rangi kushika. Shangazi alitaka kuuziba uwazi ulio chini ya mkono, ambao kimono za wanawake huwa nao, akiona kuwa ni upungufu wa stara. Nilimwomba auache, kwani ndio unaoufanya mkono ucheze unapotembea, nami nikavaa blauzi ya mikono mirefu ndani.

Nakshi ya kimono hiyo inaitwa asanoha, jani la katani (si mkonge, bali mmea wa jamii ya bangi unaotoa nyuzi), na Wajapani huipenda kwa nguo za watoto kwa kuwa katani hukua haraka na kunyooka. Kwa mkono huru haichoriki, ila kwa hesabu ni nyepesi: unachora wavu wa pembetatu zenye pande sawa, kisha ndani ya kila pembetatu unatoa mistari mitatu kutoka kitovu chake hadi kwenye pembe zake. Jambo la kupima kwanza ni ukubwa. Nilihesabu katika mchoro wa vipimo ni maumbo mangapi ya pembe sita, kila moja likiwa ni pembetatu sita zilizokutana, yanayoenea kutoka bega hadi bega yakigusana kwa pembe, nikaugawa upana wa mgongo wangu kwa idadi hiyo. Tuseme matano kwa mgongo wa sentimita 40, basi kila umbo ni sentimita 8 kutoka pembe hadi pembe, na upande wa pembetatu ni sentimita 4. Picha za mbali hazifai kwa hesabu hii, kwa sababu wachoraji huirahisisha nakshi pale mhusika anapokuwa mdogo.

Chapa niliitengeneza kwa kibao laini na tyubu kuukuu ya baiskeli. Niliikata tyubu vijiti vya milimita 3 na kuvibandika kwa gundi ya viatu juu ya mchoro wa umbo moja la pembe sita. Pande za nje nilibandika tatu zinazofuatana tu, kwa kuwa tatu zilizobaki huletwa na chapa za jirani. Ukibandika zote sita, kila mpaka utapigwa mara mbili na mistari itanenepa. Rangi ya kitambaa niliichanganya mpaka ikalingana na karatasi, nikaipaka kwenye chapa kwa sponji badala ya kuitumbukiza. Tulichapa mapande yakiwa yamekatwa lakini hayajashonwa, tukianzia kwenye mshono wa mgongo ili nusu mbili zikutane, halafu shangazi akapiga bandi kwanza ndipo akaingiza cherehani. Baada ya kukauka, nilipiga pasi ya moto juu ya kitambaa cha kukinga ili rangi ishike.

Obi, mkanda mpana wa kiunoni, ni wa vijisanduku vyekundu na vyeupe. Hapa uchoraji haukuhitajika: unashona mikanda ya rangi mbili kwa kupokezana, unaikata upya kwa kuivuka, kisha unaisogeza hatua moja na kuishona tena. Upana wa sentimita 16 unatosha, na ndani nilitia kile kitambaa kigumu cha kola za mashati ili usikunjamane nikikaa.

Nywele za Nezuko ni nyeusi zinazogeuka rangi ya moto ncha zake, na mimi sivai wigi juu ya ushungi, kwa hiyo nilizifanya kwa mtandio. Rangi ya kuchovya haiwezi kuifanya nyeusi kuwa ya chungwa. Inayowezekana ni kinyume chake. Nilichukua mitandio miwili ya pamba ya rangi ya chungwa, nikaiunga, nikachovya sehemu ya juu kwenye sufuria ya rangi nyeusi yenye chumvi, huku nikiipandisha na kuishusha polepole pale mpakani ili pasibaki mstari. Mitandio ya shifoni ya poliesta haifai, kwani rangi ya kawaida huitoka kwenye maji ya kwanza. Utepe wa kichwani niliupima kwa uso wake, si kwa urefu wa mwili, kwa maana vichwa vya katuni ni vikubwa na vipimo vya mwili hukupa utepe mkubwa mno.

Mwanzi nao haukuwa na taabu: kipande kikavu, kwa sababu mbichi hujikunja na kupasuka, nikakitoboa kwa keekee na kukipaka kijani.

Siku ya kupiga picha katika msitu wa Ngezi, rafiki zangu walinikagua jinsi nilivyoipishanisha kimono, maana upande wa kushoto ndio unaokaa juu ya wa kulia, na kinyume chake Wajapani huwavisha maiti. Joto lilikuwa kali ndani ya haori, lakini popelini ilinyonya jasho na nakshi haikutoka. Tangu hapo naifua kwa mkono kwa maji baridi, naianika kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje, na naikunja kwa kufuata mishono yake, hivyo inalala bapa ndani ya mkoba mdogo kila ninapovuka nayo kwenda Unguja.