Kirikuu, trei za mayai na mguu wangu wa kushoto

Miaka tisa nimeendesha Vitz ya otomatiki hapa Mwanza, na leseni ninayo. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulinunua kirikuu iliyotumika, Suzuki Carry ya cc 660, ili tuache kukodi usafiri kila tunapopeleka mayai mjini. Gia tano, pedali tatu. Kijana aliyeileta hadi kwetu Buhongwa alinikabidhi funguo, akadaka daladala, akaondoka zake. Nikabaki uani naitazama kama ng'ombe wa watu aliyeingia kwangu usiku.

Jumamosi ya kwanza

Uwanja wa mpira, saa 12 na nusu asubuhi, kabla watoto hawajaamka kuja kunicheka. Mwalimu wangu ni jirani, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Ada tuliyokubaliana: trei moja ya mayai kwa wiki.

Saa nzima alinikataza kugusa pedali ya mafuta. Kanyaga klachi mpaka mwisho, weka namba moja, achia pole pole mpaka bodi ianze kutetemeka, kanyaga tena. Rudia. Nilipouliza tunaondoka saa ngapi, akasema, "Mayu, hapo panapotetemeka ndipo pa kupajua. Kwingine kote ni barabara tu."

Halafu akanionyesha kwa viganja vyake. Kimoja ni injini, kinazunguka muda wote. Kingine ni pleti ya klachi, inayopeleka mzunguko kwenye giaboksi na tairi. Ukivikutanisha taratibu, kinachozunguka kinakivuta kilichotulia mpaka viende pamoja. Ukivibamiza, na injini inazunguka polepole haina nguvu, gari zito linashinda na injini inazima. Nikiri kwamba nilikuwa na leseni miaka yote hiyo bila kujua hilo.

Tulipoanza kuondoka kweli, nilizimisha mara 17. Nilihesabu. Mguu wangu wa kulia hauna shida. Huu wa kushoto umekaa miaka tisa kama mgeni wa heshima, haujawahi kutumwa kazi. Ukiambiwa uachie kidogo, unaachia wote. Kirikuu inaruka kama chura, kisha kimya.

Jumapili

Ajali ndogo, na wala si kwenye kirikuu. Tunatoka kanisani na Vitz yetu, nakaribia tuta, mguu wa kushoto ukakumbuka somo la jana. Ukatafuta klachi. Klachi hakuna, pedali pana ya breki ipo. Nikaikanyaga mpaka mwisho. Mume wangu, aliyekuwa anafunga mkanda "sasa hivi", aliokolewa na mikono yake kwenye dashibodi. Tangu siku hiyo nikipanda Vitz naurudisha mguu huo nyuma, chini ya kiti.

Wiki ya pili

Gia. Kwa kuwa usukani uko kulia, mkono wa kubadilisha ni wa kushoto, na namba moja iko mbali, upande wa abiria. Kutoka moja kwenda mbili ni kuvuta moja kwa moja. Kutoka mbili kwenda tatu ndipo niliposumbuka: nilikuwa naikaba shingo ile gia, naisukuma kwa hasira, inarudi kwenye moja, injini inapiga kelele. Mzee akasema nishike kwa kiganja kilicho wazi. Ndani kuna springi inayoileta gia katikati yenyewe ikiwa frii, yaani haiko kwenye namba yoyote. Ukiisukuma mbele bila kuielekeza popote, inaingia tatu. Siku nzima nilikuwa nagombana na kitu kilichotaka kunisaidia.

Kirikuu yangu haina mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, lakini injini yenyewe iko chini ya kiti. Unaisikia kwa masikio na kwa makalio. Ikilia kama mtoto anayekaribia kupaliwa, ongeza gia. Ikigugumia na kutikisika, punguza.

Wiki ya tatu: Bugando

Mteja wetu mkubwa yuko kwenye mlima wa kuelekea Bugando, kwa hiyo kukwepa haikuwezekana. Foleni ikasimama katikati ya mlima, nyuma yangu daladala imenigandia. Nikazimisha. Nikawasha, nikazimisha. Konda akachungulia: "Mama, abiria wangu wanazeeka!"

Mzee, pembeni yangu, hakuinua sauti. Vuta hendibreki. Namba moja. Achia klachi mpaka mkia wa gari uchuchumae. Umechuchumaa? Mafuta kidogo. Sasa shusha hendibreki. Ikapanda bila kurudi nyuma hata hatua moja.

Nikanogewa. Kila foleni iliposogea nikawa naishikilia gari mlimani kwa nusu klachi, bila breki, najiona fundi, mpaka ikaja harufu ya kitu kilichoungua. Hapo ndipo mzee alipofoka: "Unakula pleti!" Klachi ni ya kuondokea, si ya kusimamia. Ukisimama, kanyaga breki.

Wakati wa kurudi nilitaka kuweka frii ili kuokoa mafuta, kama nilivyosikia watu wakisema. Akanipiga kofi la mkono. Ukishuka na gia ndogo injini inakushikia gari. Ukiwa frii umebaki na breki peke yake, na breki zikipata moto sana zinachoka. "Shuka na gia ambayo ungepandia."

Wiki ya tano

Nimeanza kubeba mzigo peke yangu. Trei 40, mayai 1,200, Buhongwa mpaka mjini kupitia Mkuyuni. Yaliyopasuka safari ya kwanza: 31. Ya pili: 12. Alhamisi iliyopita: 4, na mawili kati ya hayo ni ya tuta lisilo na alama, hayahesabiwi. Jirani yangu haniulizi tena kama nilizimisha. Anafunua turubai nyuma, anahesabu.

Kilichobaki ni rivasi. Geti la mteja ni jembamba, ndani kuna mteremko, na siwezi kuachia klachi huku shingo nimeigeuza. Jumamosi tunakwenda kujaribu. Mzee ameshatangaza kwamba kwa somo hilo trei yake iwe ya mayai ya kienyeji.