Goti lilisagika, nikaanza na paja

Karibu mwaka mzima nililipumzisha goti langu la kulia. Picha ya eksirei ilionyesha gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limelika, yaani kile ambacho wengi tunakiita goti kusagika, nami nikaamini kila hatua inamaliza lililobaki. Nikaacha kutembea, nikakwepa ngazi, kila kitu nikawa natuma watoto. Maumivu yakazidi.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia. Alipima mapaja yangu kwa utepe, na la kulia lilikuwa limenywea kwa sentimita 2. Akanieleza kwamba msuli wa mbele ya paja ndio unaolipunguzia goti mshtuko tunapokanyaga. Ukilegea, goti linabaki peke yake. Kisha akasema jambo lililoniondolea hofu kabisa: gegedu halina mishipa ya damu. Lishe yake linaipata kwenye ute wa ndani ya goti, na linaunyonya vizuri pale goti linapobanwa na kuachiwa. Kumbe kukaa kwangu kulikuwa kunalinyima chakula!

Tulianza na zoezi dogo. Nakaa kitandani, mguu umenyooka, taulo lililoviringishwa likiwa chini ya goti. Nakaza paja nikilikandamiza taulo, nahesabu hadi 5, naachia. Mara 10. Likafuata la kulala chali na kuinua mguu ulionyooka, halafu la kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ili nyonga nayo ipate nguvu.

Zoezi lililonitoa mbali, hata hivyo, ni la kiti. Unakaa ukingoni, mikono kifuani, unasimama, kisha unakaa tena taratibu ukihesabu hadi 4. Kazi kubwa iko kwenye kushuka; ukijibwaga, umelipoteza zoezi. Wiki ya kwanza sikuweza bila kuweka mto mnene juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, na hata hivyo niliishia mara 4. Nilifanya siku 3 kwa wiki, nikiruka siku moja katikati misuli ipumzike. Ilipofika wiki ya sita niliuondoa mto.

Swali lililonisumbua ni maumivu: niache au niendelee? Kipimo nilichopewa bado nakitumia. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake goti liwe limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, nimezidisha. Mwezi wa tatu nilizidisha kweli, nikapanda na kushuka kipandio cha ngazi mara nyingi kupita kiasi kwa sababu nilijisikia vizuri. Goti lilivimba siku 2. Sikuacha, nilirudi kwenye taulo na kuinua mguu, kisha nikaanza kipandio upya kwa mara 5 tu.

Ngazi sasa napanda nikitanguliza mguu mzima, nashuka nikitanguliza ule unaouma. Asubuhi goti bado linakakamaa dakika chache, na sitarajii gegedu liote upya. Lakini juzi nilikuwa nimekaa, mlango ukagongwa, nikainuka na kwenda kufungua. Nilipofika mlangoni ndipo nikagundua sikuwa nimeshika popote.