Kuvuta nyumba kando ya bahari wakati wa baridi: jinsi nilivyopanga upya safari yetu ya Oregon

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa tunaishi karibu na Portland, jimbo la Oregon, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka bahari ya Pasifiki. Mwaka juzi tulinunua tela la kulala lililokwisha kutumika, lile ambalo ndani yake mna vitanda, jiko na choo, nalo huvutwa na pikapu. Februari iliyopita tuliondoka nalo Ijumaa jioni baada ya kazi, tukashika barabara namba 26 inayokatiza milima ya Coast Range, tukakutana na mvua ya mawe gizani, tela likayumba mara mbili kiasi cha watoto kunyamaza wenyewe, na tukafika kambini saa tatu usiku. Asubuhi ya pili tulipoinua godoro, upande wake wa chini ulikuwa umelowa chapachapa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimehesabu maili na bei ya petroli, nikasahau mambo ambayo mtoto wa pwani hapaswi kuyasahau: upepo, maji kujaa na kupwa, na giza.

Safari ya mwaka huu ni ya mwisho wa Januari, na nimeianzia kwenye uzito. Aliyetuuzia tela alituonyesha jinsi ya kuliunganisha na kuchomeka waya za taa na breki, akapokea fedha zake. Habari za mizani hakuzigusa. Kanuni inayofuatwa na wavutaji ni kwamba pua ya tela, pale linapokalia kiungio cha gari, ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa limepakiwa. Pua ikiwa nyepesi, tela huanza kutikisa mkia, na dereva akiongeza mwendo hali huzidi kuwa mbaya. Kwenye mizani ya malori tela letu lilionyesha kilo 2,090, kwa hiyo pua ilipaswa kubeba si chini ya kilo 209.

Pua yenyewe niliipima nyumbani kwa mizani ya bafuni, ubao mnene na tofali. Ncha moja ya ubao niliiweka juu ya mizani na nyingine juu ya tofali la kimo kilekile, kisha nikashusha pua kwa jeki yake hadi ikakaa juu ya ubao, futi moja kutoka kwenye tofali na futi mbili kutoka kwenye mizani. Kwa mpangilio huo mizani hubeba theluthi moja tu, hivyo unachokisoma unakizidisha kwa tatu. Nilisoma kilo 58, yaani kilo 174, ambazo hazifiki hata asilimia 9. Sababu haikuhitaji kutafutwa: baiskeli mbili za watoto zilining'inia nyuma kabisa, na chini ya kitanda cha nyuma mlikuwa na sanduku la vifaa, gunia la mchele na sufuria la biriani ambalo mke wangu hasafiri bila hilo. Baiskeli zikahamia kwenye pikapu, vingine vikasogezwa mbele, na mizani ikasoma 78. Hizo ni kilo 234, zaidi kidogo ya asilimia 11, nikashusha pumzi.

Njia nayo nimeichora upya. Safari hii hatuvuki milima kwa barabara namba 26. Tutashika namba 30, inayofuata mto Columbia hadi mdomoni mwake, mjini Astoria, kisha tutateremka kusini kwa barabara namba 101 mpaka Reedsport, na kurudi kwa namba 38, inayoandamana na mto Umpqua kuelekea Drain na kukutana na barabara kuu ya I-5. Njia hiyo ni ndefu, lakini haitupandishi sana, na theluji ikianguka Oregon magari yanayovuta tela huwa ya kwanza kutakiwa kufunga minyororo kwenye matairi. Minyororo nitaibeba vilevile. Watoto nimewaahidi wale kulungu wakubwa wa Dean Creek, karibu na Reedsport, ambao huonekana wakila majani kando ya barabara. Kusini zaidi ya hapo hatutafika: mwishoni mwa Februari 2019 mlima uliporomoka kusini mwa mji wa Gold Beach na kuikata barabara namba 101, na ikikatika tena, njia za kuzungukia huko si za kupitishia nyumba.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni madaraja. Pwani hii ina madaraja mazuri ya mhandisi Conde McCullough, na lile la Yaquina Bay mjini Newport, lililofunguliwa mwaka 1936, ni la kupigwa picha. Ila ni jembamba, lipo juu sana, na limeuelekea upepo wa baharini. Kambi yetu ya pili, South Beach, iko ng'ambo yake, kwa hiyo kulikwepa hakuwezekani. Hapo daraja lina taa za kuwaonya madereva upepo unapokuwa mkali, lakini mimi nimejiwekea sheria yangu kabla ya kufika kwenye taa: utabiri ukitaja mivumo inayozidi maili 35 kwa saa, tela halisogei, hata kama kambi ya mbele imelipiwa. Dhoruba za huku hutanguliwa na upepo mkali wa kusini kabla mvua yenyewe haijatua, nazo hutabirika siku moja au mbili kabla, hivyo nimeongeza siku mbili tupu katika ratiba. Shemeji yangu ananicheka kwamba nimelipia siku za kukaa bure. Wavuvi wa kwetu hukaa ufukweni siku nzima wakiuangalia upepo, wala hakuna anayewaita wavivu.

Giza ni hesabu nyepesi. Mwisho wa Januari jua huchomoza kama saa moja na nusu asubuhi na kuzama baada ya saa kumi na moja jioni. Kutoka kambi yetu ya kwanza, Fort Stevens, karibu na Astoria, hadi South Beach ni kama kilomita 220 za kona, ukungu na malori ya magogo. Tutaondoka saa tatu, tutakula njiani mjini Tillamook, na ifikapo saa tisa alasiri tuwe tumeegesha.

Upande wa maji nilijiona niko nyumbani. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, za Desemba na Januari ndizo kubwa za mwaka, kwa kuwa dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, na mwezi mpya au mpevu ukiwa nao karibu, nguvu zote huvuta pamoja. Nimepanga usiku wa ufukweni uangukie siku za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Hata hivyo bahari hii haina mwamba wa matumbawe wa kuyavunja mawimbi kama kwetu. Wimbi moja laweza kupanda ghafla mbali kuliko yaliyolitangulia, na gogo la tani kadhaa lililolala mchangani likainuliwa na maji yasiyozidi kifundo cha mguu. Sheria ya watoto ni fupi: magogo hayapandwi, na bahari haipewi kisogo.

Kuhusu godoro, nilipofanya hesabu nilishangaa. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Kipasha joto cha tela hutolea moshi wake nje, lakini jiko hutolea ndani, na sisi tulikuwa tumepika wali na chai, watu wanne, madirisha yote yamefungwa. Safari hii biriani litapikwa nje chini ya turubai, kidirisha cha darini kitaachwa wazi kidogo usiku kucha, na chini ya godoro nimetandika fito ili hewa ipite. King'ora cha hewa ya sumu nimekibadilishia betri.

Kwa petroli sina la kuhangaikia. Ni mwaka 2023 tu ndipo Oregon ilipowaruhusu watu kote jimboni kujijazia wenyewe, na vituo vingi bado vina mhudumu, kama kwetu.

Limebaki zoezi la kurudisha tela nyuma, ambalo mwaka jana lilituchukua dakika 40 katika mvua huku kila mmoja akimpigia mwenzake kelele. Jumapili asubuhi tutalipeleka kwenye maegesho matupu, tupange ndoo nne, na mke wangu atashika tochi awe utingo. Tumekubaliana kwamba maneno ni matatu tu: "njoo", "kata" na "hapo hapo", na kwamba nisipomwona kwenye kioo, nasimama.