Siku moja na mzani begani, Lamu

Saa 1 asubuhi. Naanzia zahanati, kutazama daftari la waliojifungua. Kila mzazi nataka nimwone nyumbani kwake, yeye na mtoto, ndani ya siku 3 za mwanzo, kisha wiki ikiisha. Napakia mzani wa kuning'iniza, kipimajoto na dawa ya kitovu. Kitambulisho hukaa mkobani tu. Huku watu hukutazama umeletwa na nani, na mimi huletwa na mhudumu wa afya ya jamii, mama mtu mzima anayejulikana kila mlango.

Saa 3. Mtaa wa Langoni. Hodi, viatu mlangoni, shikamoo bibi, na hali za watu wote wa nyumba kabla ya kuuliza ya mtoto. Wenzangu wengine husema ni kupoteza muda. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe: mzazi yumo ndani ya arobaini, na mwenye kauli juu ya mtoto ni bibi. Naosha mikono akiniona. Namwomba anipakatie mjukuu. Mashaallah kwanza, sifu mtoto bila neno hilo uone utakavyotazamwa.

Kabla ya mzani nawaeleza: mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, pengine hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kisha huurudisha kabla ya wiki 2 kwisha. Ukilisema baada ya kupima, husikika kama udhuru. Huyu alizaliwa na kilo 3.1, leo 2.9. Bibi akaguna, "Kama ulivyosema." Nisingetangulia, yale maji ya sukari kando ya kitanda yangeshaingia kinywani. Mzazi akanyonyesha nikitazama: mtoto alishika ncha ya chuchu tu. Tukamsogeza mpaka kinywa kikajaa.

Kitovuni mna masizi. Sigombi. Nasafisha, kisha bibi mwenyewe apake klorheksidini, ile dawa ya kitovu, mara moja kila siku mpaka siku 7. Wanja wa machoni nauweka kiporo. Makatazo mawili asubuhi moja ni mengi.

Saa 6. Boti hadi kijiji cha Matondoni. Baba yuko chini ya jahazi anatia kalafati, kuziba nyufa za mbao. Kina baba tunawapita tu, na usiku mtoto akishikwa na homa wao ndio wa kutafuta boti. Nikamfundisha kuhesabu pumzi kifuani, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60, au akikataa kunyonya, wasingoje kuche. Alipotewa na hesabu, akaanza upya: 44.

Saa 9. Ripoti. Makaratasi.

Saa 2 usiku. Simu, naye ni yule baba: amehesabu 58. "Alikuwa analia?" Ndiyo. Nikamwambia angoje atulie, arudie. Akapiga tena: 46. Vocha hanilipii mtu, lakini simu hii siizimi. Akauliza chanjo ya wiki 6, je, lazima waje mjini? Hapana, zahanati ya kwenu. Nenda na kitabu cha kliniki, na nenda wewe mwenyewe.