Blaster kwenye mawe ya Kayenze

Yamaha Blaster niliyoinunua mwaka 2015 ilifika Mwanza kutoka upande wa Geita, imefungwa kamba juu ya pikapu katikati ya kitanda cha chuma na masanduku ya vitabu, kwa sababu aliyeniuzia alikuwa mtaalamu wa migodini ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha, na gharama ya kuirudisha kwao ingezidi thamani yake. Ni pikipiki ya magurudumu manne ya michezo, ya toleo lililotengenezwa kuanzia mwaka 1988 hadi 2006: silinda moja, injini ya mapigo mawili yenye sentimita za ujazo 195, inayopozwa kwa upepo peke yake, giya sita za kwenda mbele na hakuna hata moja ya kurudi nyuma. Ikiwa kavu haifiki kilo 150, na wepesi huo ndio ulionivuta kuliko jambo lingine lolote, kwa kuwa mahali nilipokusudia kuipeleka mtu hulazimika mara nyingine kushuka na kuinyanyua kwa mikono.

Mahali penyewe ni njia za ng'ombe zinazofuata ufuko wa Ziwa Victoria kutoka Igombe, kupitia Sangabuye, hadi Kayenze. Juu kuna vilima vya matale, mawe makubwa yaliyorundikana na kuacha mianya ambamo gurudumu linaweza kunaswa. Chini ya vilima kuna ardhi ya kichanga ambayo Wasukuma huiita luseni. Na kwenye mabonde kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama matofali. Dereva hupita kwenye aina zote tatu kabla jasho la kilima cha kwanza halijakauka, na injini iliyotengenezwa ipendeze kwenye moja huweza kusumbua kwenye nyingine.

Ndiyo maana katika kuifanyia marekebisho sikutafuta mwendo. Injini ndogo ya mapigo mawili kwa kawaida huwa haina nguvu mzunguko ukiwa chini, kisha huamka ghafla mzunguko ukipanda, na juu ya jiwe lenye utelezi kuamka huko ndiko kunakomwangusha mtu. Nilitoa sproketi ya mbele nikaweka yenye jino moja pungufu, ili giya ya kwanza itambae polepole zaidi. Nilibadilisha ndimi za valvu ya kuingizia hewa nikaweka nyepesi zinazofunguka mapema. Juu ya gurudumu la sumaku niliongeza uzito wa chuma, ili injini isizimike ovyo inapokutana na kikwazo. Hatimaye nikaagiza ekzosi ya tumbo iliyoundwa kwa ajili ya nguvu ya chini na ya kati. Ekzosi hiyo ndiyo moyo wa mashine ya namna hii: moshi unapotoka hutuma wimbi la msukumo ndani ya tumbo, wimbi hugonga sehemu inayopungua upana na kurudi, na likirudi kwa wakati wake huisukuma ndani ya silinda sehemu ya mchanganyiko wa mafuta iliyokuwa inataka kutoroka. Urefu na unene wa tumbo ndio unaoamua ni kwenye mzunguko gani msaada huo utakuja. Kwa imani yangu, atakayenunua ekzosi kwa kufuata mlio wake hajaijua bado injini aliyonayo.

Kifuniko cha boksi la hewa nilikitoa pia, nikabaki na chujio la sponji lililopakwa mafuta. Kulikuwa na kifaa kimoja ambacho wengi hushauri king'olewe, kile kinachokata moto endapo kidole gumba kimeachia resi lakini kabureta imebaki wazi. Hicho nilikiacha, na hadi leo ningekiacha: kwenye vumbi la Oktoba kabureta inaweza kukwama, na aliyekaa juu ya kiti hicho ni mtoto wa mtu.

Tatizo la Mwanza lilikuwa mtu wa kuielewa. Mafundi wa bodaboda ni hodari, lakini pikipiki zao ni za mapigo manne, na injini isiyo na valvu za juu wala oili ya injini chini yake huwafanya wasite. Wanaoishi na mapigo mawili kila siku wako kwenye mialo, yaani fukwe wanakotia nanga wavuvi. Mitumbwi ya sangara na dagaa kwa miaka mingi imesukumwa na mashine za Yamaha za nguvu za farasi 15 na 40, na mashine hizo, kama Blaster yangu, huvuta hewa kupitia ndimi na kulainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Pale Igombe palikuwa na fundi mmoja ambaye wavuvi walimwita Mzee wa Mashine, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nilipomwonyesha Blaster kwa mara ya kwanza hakuuliza inakimbia kiasi gani. Aliinama akanusa ekzosi, akauliza, "Oili unaweka ya maji au ya nchi kavu?"

Swali hilo lilikuwa la kitaalamu kuliko mengi niliyowahi kuulizwa. Oili ya mapigo mawili inayouzwa mialoni imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa yanayosukumwa mfululizo kuzunguka silinda, kwa hiyo haikukusudiwa kubeba joto la silinda inayotegemea upepo. Nilikuwa natumia oili ya pikipiki, sehemu moja kwa sehemu 32 za petroli, yaani zaidi kidogo ya mililita 150 kwa kila lita tano. Yeye amezoea moja kwa 50. Alifikiri, akakubali kwamba injini inayopanda jiwe kwa mwendo wa mtu anayetembea haipati upepo wa kutosha, na kwamba oili ya ziada si ubadhirifu.

Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuwa Jumamosi ya Oktoba mwaka 2016, kabla mvua za vuli hazijaanza. Ekzosi mpya ilikuwa imefungwa juma hilo, nami nilikuwa na kopo dogo la jeti za namba mbalimbali mfukoni, vile vipande vya kabureta vyenye tundu linalopima mafuta, namba ikipanda tundu hupanuka. Kila fungu la ekzosi huja na pendekezo la jeti, lakini anayeandika pendekezo hilo huwa anafikiria nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi hutaka jeti ndogo, ekzosi na boksi lililo wazi hutaka jeti kubwa, na mvutano wa mambo hayo mawili hauwezi kumalizwa na karatasi. Humalizwa kilimani.

Nilifika Igombe asubuhi, wakati kina mama wakianika dagaa juu ya mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeileta ile mashine ya nchi kavu?"

Nilimweleza kwamba nimefunga jeti namba 270 na kwamba mahali tambarare inakwenda vizuri. Akamwita kijana wa bodaboda, akapanda nyuma yake na mfuko wa spana mapajani, nasi tukaondoka kuelekea Sangabuye, mimi nikitangulia na kupunguza mwendo kila tulipokuta ng'ombe, kwa sababu mlio wa mapigo mawili huwatisha na mchungaji huwa ni mtoto.

Kilima cha kwanza chenye mawe kilitoa jibu mapema. Nilikuwa giya ya pili, resi imefunguka nusu, nikasikia ndani ya silinda mlio wa kugongagonga, mkavu na wa haraka, ambao mtu akiusikia mara moja hausahau. Maana yake mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, silinda inapata joto kupita kiasi, na unaripuka usivyopaswa kuripuka. Dereva akiendelea hivyo juu ya kilima kirefu, kichwa cha pistoni huanza kuyeyuka au pistoni hukwama ndani ya silinda, na injini imenoki. Nilizima, nikavuta breki, nikakita jiwe nyuma ya gurudumu.

Mzee alipofika nilikuwa tayari nimeshika kopo la jeti. Aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Kabla hujagusa jeti, tuhakikishe kwanza hakuna hewa inayoibiwa."

Alikuwa sahihi, na huo ndio utaratibu ambao ningependa kila mwenye injini ya namna hii aushike. Mpira unaounganisha kabureta na silinda ukipasuka hata kidogo, hewa huingia kwa mlango wa pembeni bila mafuta, na jeti kubwa itafunika ugonjwa huo kwa siku chache tu. Tulisubiri injini ipoe, akaiwasha ikizunguka taratibu bila resi, akapaka grisi kuzunguka mpira wote kwa kidole huku akisikiliza. Mzunguko haukubadilika. Akapaka upande wa gasketi ya ndimi, haukubadilika. Ndipo akasema sasa tunaweza kuzungumza habari za jeti.

Tulifunga 280, kisha tukashuka kwenye kipande kilichonyooka cha luseni. Kupima jeti kuu, hiyo tuliyokuwa tunaibadilisha, kuna njia yake: unafungua resi yote katika giya ya juu unayoweza kwa usalama, kisha kwa pamoja unabana klachi na kukata moto kwa swichi, unasimama bila kuiacha injini izunguke tena, na unafungua plagi. Plagi yenyewe ni NGK B8ES. Sehemu ya kaure iliyo ndani kabisa, karibu na mzizi, ndiyo inayosema kweli. Ikiwa nyeupe mafuta ni machache, ikiwa nyeusi na yenye unyevu ni mengi, ikiwa na rangi ya kahawia umefika. Ya 280 ilitoka na weupe wenye vumbi la kijivu. Ya 290 ilitoka kahawia, na Mzee akaigeuzageuza juani akiridhika nayo.

Lakini tuliporudi kilimani, ule mlio ulikuwapo bado. Haukuwa mkali kama mwanzo, ila ulikuwapo.

Hapo ndipo uzoefu wa ziwani na uzoefu wa mawe ulipoachana kidogo. Mashine ya mtumbwi hupigwa resi hadi mwisho kutoka mwaloni mpaka kisiwani, na jeti kuu hubeba kazi karibu yote, kwa hiyo Mzee alitaka kupanda hadi 300. Mimi nilieleza kwamba juu ya mawe resi haivuki nusu, na katika nusu hiyo anayetawala ni sindano inayoning'inia ndani ya kabureta. Ina vijikato kadhaa na kibanio kidogo. Kibanio kikishushwa kijikato kimoja, sindano hupanda, na mafuta hupata nafasi pana zaidi ya kupita. Alinitazama, akauliza maswali mawili, kisha akanipa bisibisi yake mwenyewe. Nilifungua kabureta juu ya kitambaa safi kilichotandazwa kwenye jiwe, Mzee akizuia vumbi kwa koti lake, nikashusha kibanio kijikato kimoja, nikarudisha 290 mahali pake.

Safari hiyo nilipanda. Nilisimama juu ya vikanyagio, uzito mbele, kidole gumba kikifunguka taratibu, na injini ikavuta kutoka chini kabisa bila kugonga na bila kuruka. Gurudumu la mbele lilipanda jiwe, la nyuma likafuata, uzito ule wa kwenye sumaku ukafanya kazi yake kila mzunguko ulipotaka kufa, nami nikafika juu nikiwa sijashika klachi hata mara moja. Kutoka pale ziwa lilionekana lote upande wa magharibi. Nilipiga kelele kwa furaha, na yule kijana wa bodaboda kule chini akaitikia.

Tulikwenda hivyo hadi Kayenze. Huko, baada ya kula sato na ugali, Mzee alikataa turudi kabla hajaiona pistoni. Katika injini ya mapigo mawili jambo hilo halihitaji kufungua silinda: tulitoa ekzosi tu, akamulika kwa tochi kupitia tundu la kutolea moshi, akanizungushia injini kwa mkono ili pistoni ipande na kushuka. Ukuta wake haukuwa na mikwaruzo, na ringi zilikuwa zinaruka vizuri alipozibonyeza kwa njiti. Akasema joto la asubuhi halikuacha jeraha. Nilimlipa, akapokea nusu na kunirudishia nusu ninunulie jeti nyingine za akiba, kwa maelezo kwamba kwenye masika hewa itabadilika na tutarudia kazi hii.

Wakati wa kurudi niligundua kilichokuwa kimebaki. Kwenye miteremko ya kukata kilima kwa ubavu, gurudumu la mbele la upande wa juu lilikuwa linaning'inia hewani, nami nililazimika kuuning'iniza mwili wote upande huo ili tusibiringike. Hilo halikuwa jambo la kabureta wala la ekzosi. Blaster ni nyembamba tangu kiwandani. Mchomeleaji mmoja wa mjini alikuwa amejitolea kunirefushia wishboni, mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, kwa vipande vya bomba, lakini kiungo kinachobeba usukani na maisha yangu sikutaka kiwe na viraka. Juma lililofuata niliagiza wishboni za inchi mbili zaidi kila upande, pamoja na ekseli pana ya nyuma, na zilipofika, mtu wa kwanza kuzishika mkononi na kuzipima uzito alikuwa Mzee wa Mashine.