Siku Tulipoulaza Mnyanya

Mnyanya uliofika kwenye taa ulikuwa wa Baba. Aliuotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu, ndani ya kopo la lita moja, na tangu miguu ilipomkatalia kwenda shambani, meza ile ya miche ndiyo ilikuwa shamba lake lote. Dirisha la chumba halikupata jua la kutosha, kwa hiyo tulikuwa tumening'iniza taa ya LED juu ya meza na kuipandisha kila miche ilipoisogelea. Asubuhi hiyo kamba ya taa ilikuwa imefika mwisho, na majani mawili ya kileleni yalikuwa yamejikunja na kupauka kingoni.

“Baba, huu umefika.”

“Niliuona tangu jana. Weka mkasi chini.”

Nilikuwa na sababu ya kuushika. Ncha ya mmea hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo ikiteremka kwenye shina huvifanya vichipukizi vya pembeni viendelee kulala. Kenneth Thimann na Folke Skoog walilithibitisha hilo miaka ya 1930 kwa mimea ya maharage: walipokata ncha, vya pembeni viliamka, walipopaka oksini palipokatwa, vikabaki vimelala. Ukikata kilele, basi, mmea huacha kwenda juu ukaanza kutanuka. Kwa mimea mingi ya ndani ya nyumba hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuushusha urefu.

Lakini Baba alijua ameotesha nini. Mnyanya ule ulikuwa wa aina ndefu, ambayo shina lake hupanda maadamu lina uhai, na kila baada ya majani matatu hivi hutoa kichala kipya cha maua. Aina fupi, ambazo huacha kurefuka zenyewe zikitoa kichala cha mwisho, ni kundi jingine. Tabia yao ilitokana na mmea mmoja uliojitokeza wenyewe huko Florida, Marekani, mwaka 1914, na leo karibu nyanya zote zinazovunwa kwa mashine zimeirithi. Wetu haukuwa na tabia hiyo. “Ukikata hapo,” Baba akasema, akionyesha kilele, “umekata vichala ambavyo bado hujaviona.”

Akaniomba nimsogezee kiti. Akaanza kulipima shina kwa vidole, kutoka chini kwenda juu, jani hadi jani. Karibu na udongo pingili zilikuwa fupi, vidole viwili tu. Katikati zikarefuka mpaka kiganja kizima kikaenea. Juu zikafupika tena. “Hapa ulikuwa na shibe ya mwanga,” akasema. “Hapa katikati ulikuwa unautafuta.” Nikakumbuka kwamba wakati ule wa katikati miche yote ilikuwa imebanana upande mmoja wa meza. Majani hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia upite ule wa ukingoni mwa wekundu, ambao macho yetu karibu hayauoni. Mmea una kipimo chake cha kuitambua tofauti hiyo, fitokromu, na ukigundua kwamba wekundu umepungua huelewa kuwa kuna jirani anayeukinga. Hapo hurefusha shina hata kama shina lenyewe ni jembamba. Baba hakulijua neno fitokromu, lakini historia ile yote aliisoma kwa vidole.

Kisha akasema tuangalie chini. Nililishika shina kati ya vidole viwili, nikalipindua kopo na kuligonga kitako. Bonge likatoka zima, na udongo haukuonekana kabisa: mizizi myeupe ilikuwa imezunguka na kuzunguka ukutani mwa kopo kama kapu lililosukwa, na kitakoni ilikuwa imejikunja tabaka juu ya tabaka. Baba aliugusa ule msuko kwa muda mrefu bila kusema neno.

Watu wengi hudhani chombo kidogo ni njia ya kuuzuia mmea usirefuke. Sikubaliani nao, na mnyanya ule ndio ushahidi wangu. Ni kweli kwamba chombo hupunguza ukuaji. Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walikusanya tafiti 65 na kukuta kwamba ukubwa wa chombo ukiongezwa maradufu, uzito wa mmea huongezeka kwa wastani wa asilimia 43. Lakini kinachopungua kwanza katika kopo dogo si lazima kiwe urefu. Mwanga ukiwa haba, shina litarefuka tu, na mizizi iliyobanwa italinyima unene. Unabaki na mmea mrefu, mwembamba, wenye kiu kila ifikapo mchana. Na kwa mnyanya kiu ya mara kwa mara ina adhabu yake, kwa sababu kalisi, madini ambayo tunda huyahitaji, hubebwa na maji: maji yakikatika, tunda huoza kitako likiwa bado bichi. Ukitaka mmea mfupi, rekebisha mwanga, joto na mikono yako. Chombo kiachie kazi yake ya kulisha.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mche wenye majani manne ukiuweka kwenye ndoo kubwa, udongo wote ambao mizizi haijaufikia hukaa na maji siku nyingi, na mizizi huhitaji hewa kama sisi. Ndiyo maana chombo hupandishwa hatua kwa hatua. Wetu ulikuwa umeshajaza wake na ziada, kwa hiyo Baba akaagiza ndoo ya lita 20 iliyokuwa pembeni, nitoboe matundu kitakoni. Nikauliza kama nitandike kokoto chini. Akakataa, na hapo alikuwa sahihi kuliko wengi: kokoto hazifanyi udongo wa juu ukauke upesi, huinua tu ile tabaka ya chini yenye maji na kuisogeza karibu na mizizi.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. “Tunaulaza.”

Nikamtazama.

“Shina la mnyanya ni mizizi inayosubiri udongo. Angalia.” Akanionyesha sehemu ya chini ya shina, na kwa mara ya kwanza nikaviona vizuri: vipele vidogo vyeupe, vigumu, vimejipanga juu ya ngozi ya shina katikati ya vinyweleo. Kila kimoja kilikuwa mzizi ulioanza na kukosa pa kwenda.

“Jana jioni sikuunywesha,” akaongeza. “Ukiwa umeshiba maji unavunjika.” Nikaelewa kwamba uamuzi wake ulikuwa wa tangu jana, asubuhi ile alikuwa ananisubiri tu niamke.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri, kwa sababu hakuruhusu haraka. Tuliondoa majani yote ya chini, tukayabana karibu na shina ili ngozi isichanike. Vidole vyetu vikawa vya kijani, halafu vyeusi, na chumba kikajaa ile harufu kali ya mnyanya ambayo mtu aliyelima hawezi kuisahau. Bonge la mizizi nililikata kwa kisu pembeni, mikato michache ya wima, ili mizizi iache kuzunguka. Tukaweka udongo uliochanganywa na mboji, kiasi cha robo ya ndoo. Bonge likalazwa upande mmoja, na shina tukalizungusha taratibu kufuata ukuta wa ndoo, Baba akilisindikiza kwa viganja vyote viwili na mimi nikimwaga udongo nyuma ya mikono yake. Mahali pamoja lilitoa mlio mdogo. Tukasimama sote. Alilipapasa, akaona halijapasuka, akaendelea. Mwishoni kilichobaki nje kilikuwa kilele, kichala kimoja cha maua ambayo hayajafunguka, na majani machache. Zaidi ya nusu ya mmea ilikuwa imezama.

Nikaushusha mti wa kuegemezea kabla udongo haujashindiliwa, tukamwagilia mpaka maji yakatoka kwenye matundu. Ndoo ikakaa sakafuni badala ya mezani, na taa ambayo asubuhi haikuwa na pa kwenda ikabidi niishushe.

Siku ile kilele kiliinama upande, kimelegea, na nilipata wasiwasi. Kesho yake kilikuwa kimejipinda na kutazama juu. Baba hakushangaa. Alichokuwa akikingoja ni rangi, na baada ya muda majani mapya yalikuja mapana, ya kijani nzito, na pingili kati yake zilikuwa fupi.

Hatukuiachia ndoo kazi yote. Joto nalo hurefusha shina, hasa mchana ukiwa na joto kuliko usiku. Royal Heins na John Erwin wa Chuo Kikuu cha Michigan State walilieleza hilo miaka ya 1980, na wakulima wa nyumba za vioo hupoza hewa kwa saa chache alfajiri kwa sababu hiyo. Nikawa nafungua dirisha kabla ya mwanga kutoka. Baba kwa upande wake alikuwa na desturi ya kupitisha kiganja juu ya miche michanga kila asubuhi, huku na huku, na kwa miaka mingi nilidhani ni mapenzi tu. Mark Jaffe alionyesha mwaka 1973 kwamba mimea inayoguswaguswa hufupika na shina lake hunenepa, na nyanya ni miongoni mwa inayoitikia vizuri. Nilipomsomea, aliniuliza kama Jaffe alikuwa mkulima.

Mnyanya ulirudi kupanda, kama ilivyo tabia yake, na kichala cha kwanza kikafunga matunda. Safari hii tulikuwa tumejiandaa. Kwenye nyumba za vioo mashina ya nyanya hufika mita 10 na zaidi kwa msimu, chini ya paa ambalo halina hata nusu ya kimo hicho, kwa sababu hufungwa kwa kamba yenye mizunguko ya akiba juu. Nilifunga kamba ya namna hiyo kwenye boriti. Kila kilele kilipoikaribia taa, Baba aliniambia nifungue mzunguko mmoja, naye akililaza juu ya udongo wa ndoo lile shina tulilokwisha kuvuna, akilizungusha kwa mikono miwili, bila kulivunja.